Ufunguo wa kabati uliwasha gari langu, nikanyamaza. Sasa shemeji analipa

BARUA

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina miaka 36, mume na watoto wawili. Nakuandikia usiku wenzangu wakiwa wamelala. Mchana nikilifikiria jambo hili mbele za watu naona kama wananisoma usoni.

Mwaka juzi nilikopa SACCOS, nikaongeza akiba yangu, nikanunua Toyota IST kwa mtu wa hapahapa mjini kwa milioni 10 na nusu. Lilikuwa gari la siku nyingi, limepita mikono miwili kabla yangu. Kwangu lilikuwa ukombozi. Nakaa Nzuguni, shule iko mbali, na watoto niliwapeleka mwenyewe badala ya kuwabananisha kwenye daladala alfajiri.

Mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi moja nikiwa na haraka, nilichomeka kwenye swichi ufunguo ambao si wa gari. Ulikuwa wa kabati la vyombo, nimeuning'iniza kwenye kishikio kimoja na wa gari. Ukazunguka, gari likawaka. Nilicheka. Nikazima, nikajaribu tena, likawaka tena. Hapo kicheko kikakatika.

Nilikwenda kwa fundi. Akasema swichi imelika ndani, na ufunguo wangu wenyewe ni chuma kitupu, hauna chipu, kwa hiyo gari halina namna ya kumjua mwenye mali. Aliniambia, "Mwalimu, hili gari mtu yeyote mwenye kipande cha bati anaondoka nalo." Kubadilisha swichi na kuniwekea swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu ya mafuta alitaka laki mbili na ishirini. Nilikuwa na ada ya mtoto na marejesho ya mkopo. Nikasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika na shida zake, na uliofuata hivyo hivyo.

Sikumwambia mtu. Mume wangu anafanya kazi Singida, anakuja mwisho wa juma. Tangu mwanzo alipinga nisinunue gari "lililochoka", sikutaka kumpa la kusema.

Mwezi wa saba mama mkwe alikuja kutoka Kondoa kwa ajili ya kliniki ya macho. Jumamosi ile nilikuwa na semina, nikampa shemeji ufunguo ampeleke. Shemeji ni kitindamimba wao, ana miaka 24, anaendesha bodaboda. Nilimwambia, "Uwe mwangalifu na gari langu." Basi, hayo tu. Walipotoka hospitali mama akaomba wapitie msibani Chang'ombe kwa ndugu yao. Akaegesha nje, barabarani, pamoja na magari ya waombolezaji wengine, wakaingia kutoa pole. Walipotoka gari halikuwepo. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, na anaapa kwamba milango aliifunga.

Tuliripoti polisi, RB (karatasi ya taarifa ya polisi) tunayo. Mpaka leo halijaonekana. Bima niliyokuwa nayo ni ile ndogo, haimlipi mtu kwa gari kuibwa. Mkopo naendelea kulipa kwa gari ambalo silioni.

Familia ikakaa kikao. Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyekiongoza. Alisema nguo ya kuazima haisitiri matako, aliyepewa dhamana ajibu. Shemeji hakubisha hata neno moja. Alikubali kunilipa milioni 6. Akauza pikipiki yake milioni 1 na laki nne, akanikabidhi zote, nikazipeleka kwenye mkopo. Zilizobaki analipa laki na nusu kila mwezi. Siku hizi anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu, anarudi saa tano usiku. Alikuwa ameanza kupeleka posa mahali, amesimamisha. Kila tarehe 5 ananiletea hela na kila mara anasema, "Samahani, shemeji."

Shangazi, ile samahani inanichoma. Nikisema ukweli, mume wangu atajua kwamba nilijua, na kwa mama mkwe nitakuwa mwongo maisha yangu yote. Nikinyamaza namnyonya kijana. Lakini nami najiuliza: gari lilitoka hivyo kiwandani, aliyeniuzia hakuniambia, na mwizi ndiye aliyeiba. Kwa nini liwe kosa langu? Kosa ni la nani hasa? Nifanye nini?

Mwenye siri, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu niliishia pale kwenye ile "samahani, shemeji" ya kila tarehe 5. Nakushukuru kwa kuandika. Watu wengi wangekuwa wamekwisha kujizoesha kuipokea.

Nikirudia kwa maneno yangu ili nione kama tunaelewana: ulikuwa na gari bovu mahali pasipoonekana. Ubovu ule uliujua wewe na fundi. Ulimpa gari mtu mwingine, likaibwa mikononi mwake, na familia ikapima kosa bila kujua jambo ambalo wewe ulilijua. Sasa anayelipa ni asiyejua.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani umelishika vibaya kidogo. Unauliza kosa ni la nani, kama vile kosa ni mkate mmoja lazima ukae sahani moja. Katika barua nzima mwizi umemtaja mara moja tu, pale mwishoni. Nami naanza na yeye. Kuna mtu aliingia kwenye barabara ya watu wenye msiba akaondoka na jasho la mwalimu. Swichi iliyolika haikumwita. Hilo usiliache hata siku moja, hata utakapokuwa unajilaumu sana.

Baada ya mwizi kuna gari lenyewe. Ufunguo wenye chipu hufanya kazi hivi: ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo, na kuzunguka swichi kuna pete ya waya inayoisoma. Kompyuta ya injini isipoitambua chipu ile, injini haiwaki hata ukiizungusha swichi kwa nyundo. Mfumo huo ndio unaoitwa immobilaiza. Magari mengi ya zamani tunayoletewa kutoka Japani hayana. Yanategemea vibati vidogo ndani ya swichi, na vibati vile vikilika kwa miaka ya kuchomeka na kuchomoa, ufunguo wowote unaoingia unaweza kuzungusha. Fundi wako hakukutisha bure.

Wala swali lako si la Dodoma peke yake. Marekani waligombana juu ya jambo hili hili, tena mbele ya mahakama. Kampuni za magari za Kia na Hyundai kwa takriban miaka 10, kuanzia modeli za 2011, ziliuza huko magari ya bei nafuu ya kuwashwa kwa ufunguo bila kuyawekea immobilaiza. Wakati huohuo, jirani zao wa Kanada walikuwa wameilazimisha kwa magari mapya tangu 2007. Vijana wakagundua, wakarekodi video, wakaonyeshana kwenye TikTok jinsi ya kuzungusha swichi kwa ncha ya waya wa USB. Wizi ukavuma mji hadi mji. Februari 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitangaza kwamba magari yapatayo milioni 8.3 yatarekebishwa programu bure, na ikataja ajali zisizopungua 14 na vifo 8 vilivyohusishwa na wizi huo. Vyuma vya kufungia usukani vikagawiwa bure kupitia polisi. Jiji la Seattle lilizishtaki kampuni hizo Januari 2023, na Mei mwaka huo zikakubali kulipa takriban dola milioni 200 kumaliza madai ya wenye magari. Kwa hiyo unapouliza kama aliyetengeneza gari ana lake la kujibu, hujipi visingizio. Wapo watu wazima waliokaa mahakamani wakiuliza hivyo hivyo.

Lakini huko nako wenye magari waliandikiwa barua. Waliambiwa: gari lako linaweza kuibwa kwa njia hii, njoo lirekebishwe bure. Tangu siku anapoisoma barua ile, mwenye gari hayuko tena pale alipokuwa jana. Kasoro hakuileta yeye, ila sasa anaijua. Wewe barua yako uliisomewa na fundi, mwezi wa pili. Hapa ndipo penye uzito wote wa jambo lako, naomba tukae hapo kidogo.

Unasema hukutengeneza kwa sababu ya ada na marejesho. Nakuamini. Laki mbili na ishirini kwenye mshahara wenye mkopo si hela ya kuokota, na mama anayeweka ada mbele ya swichi ya gari sitamwita mzembe. Hata hivyo, ada inaeleza kwa nini hukutengeneza. Haielezi kwa nini hukusema. Kumwambia shemeji "gari hili linawaka na ufunguo wowote, usiliache peke yake" kusingekugharimu shilingi. Kilichokuzuia, kwa maneno yako mwenyewe, ni kutotaka kumpa mumeo la kusema. Ulimkabidhi kijana ufunguo, hukumkabidhi habari za gari. Nalisema hili polepole, mwanangu, si kwa kukunyooshea kidole. Nadhani ndicho kinachokuamsha usiku, kuliko zile hela.

Mimi si mwanasheria. Ila ujue kwamba hata Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, imeligusa. Inapozungumzia mali iliyokabidhiwa kwa mtu mwingine, inamtaka mwenye mali aeleze kasoro anazozijua ambazo zinaweza kumtia mwenzake hasarani. Naye aliyekabidhiwa inamtaka aitunze kama mtu wa busara ya kawaida angetunza ya kwake. Inaangalia pande zote mbili. Baba mdogo pale kikaoni aliuangalia upande mmoja, na hakuwa na kosa, maana upande wa pili hakuonyeshwa. Ukitaka kujua sheria ingesemaje kwa kesi yako hasa, tafuta msaidizi wa kisheria, ukae naye faragha.

Sasa nikuulize wewe, uliyeendesha gari lile miaka yote hiyo: Jumamosi ile ungekuwa wewe, na mama mkwe anataka kutoa pole Chang'ombe, ungeegesha wapi? Kama jibu ni palepale, kwenye foleni ya magari ya msiba, basi yeye alikosea wapi? Na kama jibu ni kwamba ungebaki ndani ya gari, au ungemwomba kijana mmoja alitazame, je, ungefanya hivyo kwa sababu una akili kuliko yeye, au kwa sababu ulijua asichokijua?

Jambo jingine unalolichukulia kuwa hakika, mimi silioni hivyo. Unaamini mwizi alipitia swichi ile mbovu. Inawezekana sana. Lakini gari lilipita mikono miwili kabla yako, na barua yako haisemi funguo za akiba ziko wapi. Yupo mtu anaweza kuwa na ufunguo halisi wa gari lile tangu enzi za mwenye wa kwanza. Wizi wa kukokota gari nao upo. Huna hakika ya kilichotokea, wala shemeji hana. Tofauti ni kwamba yeye ameadhibiwa kama vile hakika ipo.

Haya, njia. Naziona kadhaa, na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kunyamaza na kuendelea kupokea. Ukitoa hela ya pikipiki, zilibaki milioni 4 na laki sita. Kwa laki na nusu kwa mwezi ni zaidi ya miaka miwili na nusu ya tarehe 5. Utaweza kusikia "samahani, shemeji" mara thelathini na zaidi? Na fundi yupo. Dodoma imekua, serikali imehamia, watu wameongezeka, lakini gereji na vijiwe vya boda bado wanaongea. Shemeji akija kulisikia kwa mdomo wa fundi akiwa amekwisha kulipa milioni 5, hutakuwa tena na la kueleza, hata kama utakuwa na machozi ya kweli.

Unaweza kumwambia, "Shemeji, nimekusamehe, usilete tena." Hii najua umeifikiria, maana inavutia. Inamtoa kwenye mateso na wewe inakuacha na heshima. Ila itazame vizuri. Atakupigia magoti kwa shukrani. Atakusifu kwa mama yake. Naye atabaki akijiona mtu aliyepoteza gari la watu akaonewa huruma, na posa ile ataipeleka huku kichwa kimeinama. Kwa hela umemfungua; kwa jina hujamfungua bado. Pengine ni bora kuliko kunyamaza kabisa, sikatai. Labda ikawa hatua ya kwanza huku ukitafuta nguvu ya hatua ya pili. Ila usijidanganye kwamba ndiyo mwisho wa jambo.

Au unaweza kusema. Hapo swali kubwa ni umwanzie nani. Ukianza na mumeo, mtakuwa wawili mkienda kwa wengine, na yeye ndiye atakayejua jinsi ya kumwingia mama yake. Hatari ni kwamba atakasirika, na huenda akataka mlifunike: "Yameshapita, usiniaibishe kwa ndugu zangu." Hapo utakuwa na siri ya watu wawili, nzito kuliko ya mmoja. Ukianza na shemeji, unampa haki yake kwanza aliyeumia, lakini mumeo atauliza kwa nini mdogo wake alijua kabla yake, na swali hilo ndani ya ndoa halipoi haraka. Wapo wanaoanza na mzee mmoja anayeheshimika. Baba mdogo aliyeamua lile jambo anaweza kulifungua tena bila kelele, kwa sababu ni neno lake mwenyewe analolirekebisha. Wewe ndiye unayewajua. Nani kati ya hao watatu akisikia kwanza atawaza "huyu binti alipata shida" kabla ya kuwaza "huyu binti alitudanganya"?

Ukisema, usifikiri maana yake ni kubeba hasara yote peke yako mpaka kaburini. Huenda kijana mwenyewe akasema, "Hata mimi nilikaa mle msibani muda mrefu, nitachangia kidogo." Huenda akataka kila senti yake irudi, na pikipiki yake juu. Ile milioni 1 na laki nne imeshaingia kwenye mkopo, hivyo ufikirie kabla ya kukaa nao utairudisha vipi, kwa mafungu ya kiasi gani. Kwenda SACCOS kuomba marejesho yasogezwe mbele si aibu. Ukienda kwa shemeji na kalenda mkononi itamsaidia kuliko ukienda na kilio tu.

Usiniambie mama mkwe hatakuelewa. Huenda ikawa hivyo. Lakini yeye alikuwemo ndani ya gari lile. Aliomba kupitia msibani. Nakuhakikishia hata yeye kuna usiku analala akijilaumu: ningesema twende moja kwa moja nyumbani. Siri yako inamlaza macho na yeye.

Kuna la kufanya ambalo halingoji ujasiri wote huo. Rudi polisi na RB yako, uombe kuongeza maelezo: swichi ilikuwa na hali gani, fundi gani aliiona, gari ulilinunua kwa nani, na kwamba hujui funguo za akiba ziko wapi. Mpelelezi anayetafuta mtu aliyevunja ni tofauti na mpelelezi anayetafuta mtu aliyekuwa na ufunguo au aliyejua. Hakikisha namba ya chasisi imeandikwa sawasawa, na nakala ya RB uiweke pamoja na kadi ya gari. Gari bado liko kwa jina lako, na likifanyiwa uhalifu huko liliko, karatasi ile ndiyo itakayokusemea.

Na wewe mwingine unayesoma hapa, mwenye gari linalowaka na ufunguo wowote, kama hela ya swichi haijapatikana, chuma cha kufungia usukani ni cha bei ndogo. Kabla hujamwazima mtu, mwambie.

Mwanangu, mwenye siri wa Dodoma, sitakuamulia. Wewe ndiye utakayekaa na watu hawa kwenye mwaka mpya, kwenye arusi ya kijana huyo siku ikifika, na kwenye misiba mingine ya Chang'ombe na Kondoa. Nimekuonyesha tu mahali ambapo naona miguu yako imesimama. Hujaandika kama mtu mbaya. Umeandika kama mtu aliyeogopa jambo dogo, likazaa kubwa akiwa amelishikilia.

Ukiona maneno hayaji, ile Jumamosi mumeo akirudi kutoka Singida na watoto wakilala, chukua ule ufunguo wa kabati la vyombo uuweke mezani mbele yake. Atakuuliza ni wa nini.